Kompyuta ya Mtaa wa Sikukuu Inaomba Kazi

Njoo ukae hapa, mpwa wangu, nikusimulie. Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofani, ipo kompyuta ya mezani. Ya mtumba, lakini nzima. Mchana inaandika risiti za duka la vitenge. Usiku haina kazi. Imewaka tu, inakodolea dari.

Usiku mmoja ikasema: "Jamani, nimechoka kukaa bure. Nipeni kazi!"

"Mjomba, itafanya kazi gani watu wamelala?"

Swali zuri hilo! Umewahi kuona uani kwetu siku ya kuamkia harusi? Gunia la mchele linafunguliwa. Mtu mmoja akilichambua peke yake, bibi harusi atazeeka. Kwa hiyo kila mama anapewa ungo wake. Anachambua, anarudisha, anapewa mwingine. Anachambua, anarudisha, anapewa mwingine. Mara gunia limekwisha.

Wanasayansi nao wana gunia lao, la hesabu. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi ulioitwa Africa@home, na kazi yake ya kwanza ilikuwa malaria. Wataalamu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambao wamefanya kazi miaka mingi na wenzetu wa Ifakara, walitengeneza programu inayojenga kijiji cha kufikirika ndani ya kompyuta. Watu wanazaliwa, wanaumwa na mbu, wanaugua, wanapona. Kisha unaiuliza: wote wakilala kwenye chandarua, itakuwaje? Watoto wakipata chanjo, itakuwaje? Chanjo yenyewe wakati huo ilikuwa bado majaribioni. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza Oktoba 2021.

"Si wangeiuliza mara moja tu, mjomba?"

Ee, una akili wewe! Mara moja haitoshi. Mbu wa huku si wengi kama wa kule, dawa za huku si za kule, na bahati nayo imo. Kijiji kinajengwa upya mara maelfu kwa maelfu. Katika majaribio ya 2005, watu wapatao 500 tu waliazimisha kompyuta zao za nyumbani. Zikafanya hesabu ambazo kompyuta moja ingezimaliza kwa miaka 150. Hebu fikiria!

Mradi ule umefungwa. Lakini BOINC, programu iliyokuwa ikigawa zile nyungo, bado ipo, ya bure, na inagawa hesabu za miradi mingine. Watu wanaingia kwa timu, pointi zinahesabiwa, na utani wa Simba na Yanga hauko mbali.

Turudi kwa kompyuta yetu. Ikapewa ungo wa kwanza, ikaanza kwa mbio. Baada ya muda ikawa inajikokota. "Nasikia joto," ikalalamika. Fundi akaifungua ubavu. Lo! Feni imeziba vumbi tupu, hata vyuma vya kupozea havionekani. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Fundi akapuliza vumbi lote, akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka, akapaka mpya, akaisogeza mbali na ukuta. Akairuhusu kutumia nusu tu ya nguvu za prosesa, tena pale ambapo hakuna mtu anayeitumia. Mimi naona hivyo ndivyo. Kuikamua usiku kucha ndani ya joto la Dar ni kuiua.

Ikachambua, ikarudisha, ikapewa mwingine.

"Na bando je?" Hesabu zikishapakuliwa, inafanya kazi hata bila intaneti. Intaneti inahitajika tena wakati wa kurudisha.

"Na umeme ukikatika?" Kila baada ya muda inahifadhi ilipofikia. Umeme ukirudi, inaendelea kutoka hapo.

"Na ikikosea?" Nilijua utauliza! Mara nyingi ungo uleule hupelekwa kwa kompyuta mbili. Majibu yakilingana, yanapokelewa. Yasipolingana, inatafutwa ya tatu.

"Na LUKU, mjomba?"

Hapo sasa. Kompyuta ikila wati 100, kwa muda wa saa kumi ni uniti moja. Na hizi kuukuu hula umeme mwingi kwa kazi kidogo, nisikufiche. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, kamuulize mama yako uniti zimebaki ngapi.