ADABU ZA UWANJA WA GOFU: MCHEZO USIO NA REFARII

Mpenzi msomaji, ukitaja neno gofu mbele ya wanafunzi wa shule yetu, wengi watacheka. Mmoja atakwambia gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta tupu, na hakukosea, kwani Kiswahili chetu kina gofu hilo pia. Mwingine atakwambia ni mchezo wa Wazungu na matajiri, watu walioshiba wanaokipiga kijipira wenyewe kisha wakakifuata wenyewe juani. Na hapo mazungumzo huishia.

Lakini sisi watu wa Kwale hatuwezi kusema gofu haituhusu. Hapa Diani tuna uwanja wa Leisure Lodge wenye mashimo 18, katikati ya mibuyu na tumbili. Ukivuka feri pale Likoni ukashika njia ya Mama Ngina, utaukuta uwanja wa Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, nyasi zake zikitazamana na bahari. Na vijana wengi wa Ukunda na vijiji vya karibu hupata riziki kwa kuwabebea wachezaji mikoba ya fimbo. Hao ndio wanaoitwa makedi. Mtoto wa mjomba wangu ni mmoja wao, na mengi ya makala haya nimeyapata kwake, mengine katika kitabu cha sheria alichonionyesha.

Nilipomwuliza ni jambo gani gumu zaidi katika kazi yake, nilidhani atasema uzito wa mkoba au jua la Januari. Akasema, "Hapana. Gumu ni adabu. Fimbo utazijua kwa wiki moja. Adabu usipoijua, hutaitwa tena."

Basi ni adabu gani hizo? Hebu tuzitazame moja baada ya nyingine.

SHERIA ZILIZOANDIKWA NA ZISIZOANDIKWA

Sheria za kwanza za gofu zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na Edinburgh, nchini Uskoti. Zilikuwa 13 tu. Leo ni kitabu kizima. Lakini zaidi ya kitabu hicho kuna mambo ambayo mchezaji hufunzwa kwa mdomo na kwa kutazama wenzake, kama sisi tulivyofunzwa nyumbani kusema hodi na kumwamkia mkubwa. Hakuna aliyetuandikia, lakini asiyefanya hujulikana mara moja.

Jambo la ajabu ni kwamba gofu kwa kawaida haina refarii wa kukufuata na kipenga. Katika kandanda ukishika mpira kwa mkono, refarii ataona, na asipoona, watazamaji watapiga kelele. Katika gofu mpira wako unaweza kuwa kichakani, wewe peke yako na Mungu wako. Kwa hiyo mchezo mzima umesimama juu ya adabu. Tangu mwaka 2019 kitabu cha sheria chenyewe kinataja mambo matatu ambayo kila mchezaji atarajiwa kuyafuata: uaminifu, kuwajali wengine, na kuutunza uwanja. Adabu zote zisizoandikwa ni matawi ya mti huo.

KUWAJALI WENGINE

Kwanza ni usalama. Mpira wa gofu ni mdogo, uzito wake hauzidi gramu 46, lakini ukipigwa na bingwa waweza kupita mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Matatu gani hapa kwetu yaweza kufukuzana nao? Ndiyo sababu hakuna kupiga kabla ya walio mbele kwenda mbali. Na mpira ukienda upande wenye watu, mchezaji hana budi kupaza sauti: "Foo!" Hilo ni neno lao la kumtahadharisha aliye mbele.

Hapa nataka tusikilizane vizuri, hasa sisi tunaopita njia za mkato. Ukisikia "Foo!" usiinue uso kutafuta mpira uko wapi. Sote twapenda kutazama, ndiyo maumbile. Lakini anayeinua uso huupokea mpira kwa jicho au kwa meno. Geuka uupe mgongo upande wa sauti, chutama, na ufunike kichwa kwa mikono. Ukipata mti karibu, jifiche nyuma yake. Kisha tazama baadaye.

Pili ni ukimya. Mtu akisimama kupiga, wenzake hawaongei, hawatembei, hawachezi na sarafu mfukoni. Kivuli chako pia hakifai kuangukia mpira wake. Wazee wetu wachezapo bao chini ya mwembe, mtazamaji akianza kufundisha hufukuzwa. Ni yale yale.

Tatu ni njia ya mpira. Karibu na kila shimo kuna kiwanja laini chenye nyasi fupi sana, wanachokiita grini. Hapo mpira haupigwi kwa nguvu, husukumwa taratibu uingie katika shimo lenye upana wa sentimita 10.8. Kati ya mpira wa mwenzako na shimo kuna mstari usioonekana, na mwiko mkubwa ni kuukanyaga, kwani nyayo zako zaweza kuupotosha mpira. Mtoto wa mjomba alipokuwa mgeni wa kazi, kedi mzee alimfunza kwa maneno haya: "Chukulia kuna mtu anaswali. Utapita mbele yake? Basi zunguka nyuma." Tangu siku hiyo hakusahau.

Nne ni kwenda na wakati. Hapa methali ya haraka haraka haina baraka haisaidii sana, bora ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpira ukipotea, zamani mchezaji aliruhusiwa kuutafuta kwa dakika 5, lakini tangu 2019 ni dakika 3 tu. Kitabu pia chashauri mkwaju mmoja usizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike. Na kundi lililo nyuma likiwa na mwendo wa kasi, walio mbele hukaa kando wakalipisha. Si ndivyo tufanyavyo kwenye njia nyembamba ya kisimani? Anayekuja na ndoo kichwani hupishwa, na hakuna askari wa kutusimamia.

KUUTUNZA UWANJA

Mchezaji wa gofu hukwangua ardhi. Fimbo ikishuka hung'oa kipande cha nyasi, na mpira ukianguka grini kutoka juu huacha kijishimo. Adabu ni kurudisha kile kipande mahali pake au kujaza mchanga, na kukiinua kile kijishimo kwa uma mdogo mpaka kilingane. Kuna pia mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, yaitwayo banka. Ukitoka humo wachukua reki ukafuta nyayo zako zote, ili ajaye nyuma akute mchanga kama ulivyoukuta wewe. Na kwenye grini hatuburuti viatu. Ni kama mkeka wa mgeni.

Kila mmoja akiacha alama yake akaenda zake, baada ya mwezi uwanja utakuwa gofu kweli, lile gofu la nyumba.

Adabu hii si ngeni kwetu. Nendeni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, hapo kusini mwa Diani. Mwaka 2008 makaya ya Mijikenda yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni akifika Kinondo hufungwa nguo nyeusi kiunoni, huambiwa asipige kelele, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Wazee walilinda msitu kwa miiko ya mdomo kabla ya serikali kuweka kibao. Sisemi uwanja wa gofu ni mtakatifu, la hasha. Nasema mahali popote panapotumiwa na wengi hubaki pazuri kwa sababu ya wale wanaojizuia.

UAMINIFU

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Fikiri umebeba mkoba wa tajiri. Mpira wake umeingia kichakani ukalala nyuma ya mzizi wa mbuyu. Wewe umefika kwanza, yeye yuko mbali. Ukiusogeza kwa kidole cha mguu, hakuna atakayejua. Atafurahi, na mwisho wa mchezo huenda bakshishi ikaongezeka. Nyumbani unga umekwisha. Utafanyaje?

Mtoto wa mjomba aniambia kishawishi hicho huja kila wiki, na kuna wachezaji wengine ambao wenyewe hukonyeza jicho. Jibu la makedi wazee ni moja: mpira hauguswi. Sababu moja imo katika sheria, kwani kedi akikosea, adhabu humwangukia mchezaji. Sababu ya pili ni kwamba tajiri huyo huyo aliyefurahi leo, kesho akipoteza pesa atasema, "Yule? Si mwaminifu." Atakuwa amekuona. Jina la kedi ndilo duka lake, likichomeka halijengwi tena.

Mwaka 1925 huko Marekani, katika mashindano makubwa ya taifa, mchezaji Bobby Jones alisema mpira wake umetikisika kidogo alipojiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeuona ukitikisika. Alijihesabia mkwaju mmoja wa adhabu. Mwisho wa mashindano alitoka sare na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa. Mkwaju mmoja ule ndio uliomnyima kombe. Inasimuliwa ya kwamba aliposifiwa alikataa sifa, akasema ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Mimi nafikiri hilo lafaa kuandikwa ubaoni wakati wa mitihani yetu.

Wenzangu wanaookota mipira ili kuiuza, hapa pana neno lenu pia. Mpira uliotulia kwenye nyasi si lazima uwe umepotea, huenda mwenyewe yuko njiani. Kitabu cha sheria chasema mpira uliotulia ukiondolewa na kitu cha nje, mchezaji huweka mwingine mahali pale pale bila adhabu. Na nani hao walio katika fungu la vitu vya nje? Ni pamoja na mnyama na mpita njia. Yaani mbele ya sheria, kijana anayekimbia na mpira wa mtu amewekwa fungu moja na tumbili wa Diani! Tusikubali.

ADABU NI NJIA MBILI

Nimeeleza mengi yanayotakiwa kwa kedi: asimame wapi, anyamaze lini, asiguse nini. Lakini adabu ya upande mmoja si adabu, ni utumwa. Wahenga walisema heshima si utumwa, na mimi naongeza kuwa heshima ni ya kwenda na kurudi. Nilimwuliza mtoto wa mjomba, mchezaji muungwana humjuaje? Akahesabu kwa vidole. Humwuliza kedi jina lake na kumwita kwalo. Hupatana malipo kabla ya kuanza, si baada. Akikosa mkwaju hamtupii fimbo wala lawama. Akinunua maji hununua mawili. Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa kitabuni, lakini kwa hayo kedi hujua siku nzima itakuwaje.

Tena kedi wa leo huenda akawa bingwa wa kesho. Mwaka 1913 kijana wa miaka 20 aitwaye Francis Ouimet, aliyekuwa amebeba mikoba utotoni katika uwanja uliokuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwao, alishinda mashindano ya taifa ya Marekani katika uwanja huo huo, akawashinda Waingereza wawili mashuhuri, Harry Vardon na Ted Ray. Mkoba wake ulibebwa na mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Hapa Kenya pia wachezaji kadhaa wa kulipwa walianza kwa kubeba mikoba. Na wasichana wasidhani wameachwa. Desemba 2019, huko Vipingo, Kilifi, wanawake wa kulipwa walicheza mashindano ya kwanza ya Magical Kenya Ladies Open, na Esther Henseleit wa Ujerumani akaondoka na ushindi.

Mpenzi msomaji, huenda hutashika fimbo ya gofu maishani mwako. Mimi mwenyewe sijui kama nitashika. Lakini darasani, kwenye feri, msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji, karibu kila mahali hakuna refarii. Kuna wewe, na mwenzako, na mahali ambapo nyote wawili mtahitaji tena kesho. Uungwana ni vitendo. Futa nyayo zako, mpishe mwenye haraka, na usiusogeze mpira hata kama uko peke yako kichakani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.