Nyumba ya zamani: angalia kwanza, kisha upake rangi

Ndugu mfanyakazi, siku unapopewa ufunguo wa nyumba ni siku ya furaha. Mama anawaza mapazia, watoto wanagombania chumba, na wewe unahesabu ndoo ngapi za rangi zitatosha. Ukurasa huu hautaki kuharibu furaha hiyo. Unakuomba jambo moja tu: kabla ya kufungua ndoo ya rangi, ikague nyumba kama unavyoikagua mashini kabla ya kuiwasha. Rangi inapendeza macho, lakini pia inaficha ufa, waya uliochoka na mbao iliyoliwa na mchwa.

Neno hili linawahusu zaidi wenzetu wanaohamia Dilolo. Reli ya kutoka Tenke, inayopita Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji, ilifunguliwa hadi mpaka wa Angola mwaka 1931, na shaba ya Katanga ikapata njia ya kwenda bandari ya Lobito. Nyumba iliyojengwa mwaka huo leo imepita miaka 90. Mwaka 1975 vita ya Angola iliifunga njia, na mahali kazi inapopungua, nyumba nazo hukosa wa kuzitengeneza. Mwaka 2018 madini yalianza kuvuka tena kwa treni. Kazi ikirudi, watu nao wanarudi, na nyumba za zamani zinapata wenyeji wapya.

Ukuta wa matofali ya kuchoma unaweza kuwa bado imara. Lakini yaliyo juu yake, ndani yake na chini yake ndiyo yanayotaka macho yako.

JUU: PAA

Usipande kwanza. Ingia ndani saa sita mchana, funga madirisha, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu la mvua. Halafu chukua nyundo na ugonge mbao za paa kwa mpini wake. Mbao nzima inalia kwa sauti kavu. Iliyoliwa na mchwa inalia kama ngoma. Ichome kwa ncha ya kisu: kisu kikiingia kama ndani ya mkate, mbao hiyo haiwezi kubeba fundi wala mabati mapya.

Sasa angalia paa limeezekwa na nini. Kama ni mabati, yale tunayoyaita manjanja, kutu utaiona mwenyewe. Kama ni sahani nene za rangi ya kijivu, zenye mawimbi, ngumu kama jiwe, inawezekana ni eterniti ya zamani, yaani simenti iliyochanganywa na amianti. Hapo kuna hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni ya siku hiyohiyo. Sahani ya eterniti iliyozeeka haibebi mtu. Inavunjika ghafula chini ya mguu, pasipo kulia kwanza, na fundi anaanguka hadi sakafuni. Hakuna mtu wa kukanyaga paa kama hilo pasipo ubao mrefu wa kutembelea, uliolazwa juu ya mbao nzima, na kamba ya usalama.

Hatari ya pili inakuja baada ya miaka 20, 30 au 40. Nyuzi za amianti ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mtu akizivuta, zinabaki mapafuni na zinaweza kuleta kansa. Ndiyo sababu Ubelgiji ilikataza amianti mwaka 1998. Lakini usiogope kulala chini ya paa zima: sahani isiyovunjika haimwagi vumbi kwa wingi. Iache ilivyo. Usiikate kwa msumeno, usiitoboe, usiisugue kwa brashi ya chuma, wala usiwaachie watoto vipande vyake kuchorea. Kama lazima itolewe, waite watu wanaoijua kazi hiyo. Wao huilowesha maji kwanza, hufungua misumari pasipo kuvunja sahani, hufunga kila kipande katika plastiki na kukizika mbali na kisima.

UKUTANI: WAYA

Waya za zamani zilivikwa mpira na nguo. Kwa miaka mingi ya joto mpira unakauka, unapasuka na kuanguka kama ganda la karanga. Kwa nje swichi inaonekana nzuri. Ndani yake shaba iko uchi.

Wewe mfanyakazi wa shaba unajua namna inavyopitisha umeme. Kwa hiyo ni aibu kuona, katika nyumba zetu wenyewe, kipande cha waya wa shaba kimefungwa mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ili ife mahali pako. Ukiweka shaba nene, fyuzi haifi tena. Waya ndani ya dari ndio unaopata moto, na moto huo unaanza usiku wakati wote wamelala. Waya wa taa wa milimeta 1.5 za mraba ulindwe na fyuzi ya ampea 10. Waya wa prizi wa milimeta 2.5 ulindwe na ampea 16, isizidi 20. Fyuzi ikikatika kila mara, usiilaumu. Inakuambia kwamba kuna ubaya mahali fulani.

Fundi wa umeme akija, mwombe mambo mawili: waya wa ardhi, ule tunaouita tere, ulioungwa na chuma kilichopigwa chini, na disjonta inayokata umeme ukivuja milliampea 30. Kuvuja kudogo namna hiyo hakutoshi kukata fyuzi, lakini kunatosha kumwua mtoto mwenye miguu yenye maji.

Wanaotumia jenereta, au grupu, wakumbuke hili: grupu haina nafasi ndani ya nyumba, wala jikoni, wala barazani. Iwekwe nje, angalau meta sita kutoka nyumba, moshi wake ukielekea mbali na madirisha.

NDANI: MOTO WA MAKALA

Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi kali. Mtu aliyetengeneza nyumba vizuri, akaziba kila ufa na kuweka vioo vipya, anaweza kuwa amejitengenezea mtego. Tuchukue mfano wa jamaa fulani usiku wa kwanza katika nyumba mpya.

“Mama, funga mlango, baridi inaingia.”

“Baba, mbabula iko ndani. Tukifunga, kesho nani atatuamsha?”

“Lakini haina moshi tena, makala yamekuwa mekundu.”

“Ndiyo sababu ninaogopa. Moshi ungetufukuza.”

Mama huyu ana haki. Makala mekundu yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kichwa kinauma, mtu anataka kutapika, miguu inalegea, kisha usingizi unamchukua na haamki. Wale wanaofanya kazi chini ya ardhi wanaifahamu hatari hii. Lakini mgodini kuna mashini za kuleta hewa, na katika chumba cha kulala hakuna. Sheria ni moja: mbabula inapika nje au katika jiko lililo wazi, na hailali na watu. Mtu akikutwa amelegea, fungua milango yote, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali, hata kama anasema amepona.

CHINI: KIWANJA

Kabla watoto hawajaanza kucheza, tembea kiwanja chote ukiwa na fimbo. Gonga ardhi. Katika viwanja vya zamani kuna mashimo yaliyosahauliwa: choo cha zamani kilichofunikwa kwa mbao na udongo, kisima kilichokauka, tangi la maji machafu lenye kifuniko cha simenti kilichopasuka. Majani yanaota juu na hakuna anayejua, hadi siku mtoto anapokanyaga.

Ukilikuta tangi hilo, usiingie ndani kulisafisha, hata kama linaonekana tupu. Ndani yake mna gesi ya kuua. Mara nyingi mtu wa kwanza anaanguka, ndugu yake anaruka kumwokoa naye anaanguka, na wa tatu anawafuata. Kazini huwezi kuingia katika tangi pasipo ruhusa na pasipo kupima hewa. Nyumbani iwe hivyohivyo.

Choo kipya kiwe mbali na kisima, angalau meta 30, na upande wa chini wa mtelemko. Wala usichimbe shimo karibu na msingi wa nyumba. Watu wa Kolwezi hawajasahau Kasulo: mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba katika kiwanja chake akakuta madini ya kobalti, na muda si mrefu mashimo yakaenea kati ya nyumba, hata chini ya sakafu za watu.

VUMBI

Kasulo imetufundisha jambo jingine. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakazi wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi la ndani ya nyumba nalo lilikuwa na madini. Mtoto anatambaa, anashika sakafu, anatia mkono kinywani.

Nyumba ya zamani ina vumbi lake pia. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, yaani madini ya plombo. Hatari yake ilijulikana zamani: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano ya kupunguza matumizi ya rangi nyeupe ya risasi kwa wapaka rangi. Risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo. Kwa hiyo usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Ilowe maji, kwangua polepole, kusanya maganda yote, kisha fua sakafu kwa kitambaa chenye maji. Mama mwenye mimba na watoto wasiwepo siku hiyo. Na nguo za mgodi zisiingie ndani. Zifuliwe peke yake.

JUMA LA KWANZA

Siku ya kwanza: tembea kiwanja, funika au zungushia kila shimo.
Siku ya pili: kagua paa ukiwa ndani, gonga mbao.
Siku ya tatu: fundi wa umeme afungue swichi na fyuzi zote.
Siku ya nne: chagua mahali pa kupikia, nje au penye hewa.
Siku ya tano: acha robine zitoe maji hadi yawe meupe, toa maji yanayolala katika mifereji ya paa, tundika vyandarua vya mbu.
Siku ya sita: kwangua na kufua kwa maji.
Siku ya saba: pumzika.

Baada ya hayo, fungua ndoo ya rangi. Chagua rangi mama anayoipenda.

Ndugu mfanyakazi, unavaa kofia na viatu vya kazi ili urudi nyumbani mzima. Basi na nyumba yenyewe iwe mahali pa kurudia.

USALAMA HAUISHII KWENYE MLANGO WA MGODI. UPELEKE NYUMBANI.