Kinga ya Mwili Haijui Undugu
Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, mgonjwa wa Moshi halazimiki tena kuifuata India. Mtoaji huwa ndugu yake. Hata hivyo, chembe nyeupe za damu husoma antijeni, yaani alama zilizo juu ya seli za figo, na hushambulia zilizo ngeni. Ndugu wa baba na mama mmoja hulingana alama kuu zote kwa nafasi 1 tu kati ya 4. Ndiyo maana dawa za kutuliza kinga humezwa kila siku, hata na aliyerudi Marangu akilima kahawa yake kwa nguvu. Figo hukataliwa kimyakimya. Mara nyingi kreatinini hupanda kabla ya dalili yoyote. Nawe mhudumu wa zahanati, usimwandikie erithromaisini bila kuuliza kliniki yake: hupandisha takrolimasi katika damu hadi kudhuru figo. Rifampisini huishusha.