Kumbe Tomi hakuwa mkali, masikio yalimuuma!

JE, msomaji mpenzi, umewahi kumtazama kwa makini mbwa wako anapokunywa maji? Wengi wetu humtilia mnyama huyu maji katika karai kuukuu au sufuria iliyostaafu jikoni, kisha tukaenda zetu. Kwa mbwa mwenye masikio yaliyosimama wima, hilo halina neno. Lakini kwa yule mwenye masikio marefu yanayoning'inia, karai hilo hilo laweza kumletea maradhi, na hata kumharibia jina.

Nililijua jambo hili tulipokwenda likizo ya Aprili kwa shangazi yangu huko Kabazi, eneo la Subukia, Kaunti ya Nakuru. Ulikuwa msimu wa mvua za masika, na kila njia iendayo kwenye mashamba ya kahawa ilikuwa tope tupu.

Tulimkuta Tomi amefungwa mnyororo chini ya mparachichi. Tomi ni mbwa wa aina ya koka spanieli, mwenye manyoya ya rangi ya kahawia na masikio yanayokaribia kugusa kifua. Shangazi alipewa na jirani aliyekuwa akihama. Kosa lake? Mjukuu wa shangazi, msichana wa miaka saba, alikuwa amempapasa kichwani, naye Tomi akageuka na karibu amng'ate mkono. Mzee wa boma alikuwa amekwisha kata shauri kwamba mbwa huyo aondoke kabla ya juma kumalizika.

Bahati nzuri, kesho yake alikuja daktari wa mifugo kumtibu ng'ombe. Shangazi alimwomba amtazame na Tomi. Daktari alimfunga mdomo kwa kitambaa, akainua sikio moja taratibu. Harufu mbaya ilitupiga puani. Ndani mlikuwa mwekundu, mmejaa nta nyeusi.

"Mama, huyu si mkali," alisema. "Huyu anaumwa. Maji yake hunywea wapi?"

Tulimwonyesha karai pana lililokuwa kando ya tangi. Tomi alipoinama humo, masikio yote mawili yalizama majini kabla ya ulimi. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuliona ukali, kumbe mwenzetu alikuwa katika mateso.

Kwa nini masikio?

Njia ya sikio la mbwa haikunyooka. Huteremka kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, hivyo uchafu na unyevu ukiingia hautoki kwa urahisi. Sikio refu nalo huifunika njia hiyo kama pazia, hewa isipite. Likilowa mara kwa mara, panakuwa na joto na majimaji, na hapo ndipo bakteria na kuvu hupata makao.

Tatizo hili si la spanieli peke yao. Mbwa wa aina ya bigeli, baseti na hata bloodhound, ambao wametumiwa katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia kunusa nyayo za majangili, wote wameumbwa na masikio ya kuning'inia.

Hata hivyo, tusilitwike karai lawama zote. Utitiri, mbegu za nyasi na mzio pia huleta maradhi ya masikio. Ndiyo sababu mbwa anayetikisa kichwa, anayejikuna sikio au anayetoa harufu lazima aonwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Usimtie mafuta ya taa, maji ya chumvi wala dawa ya masikio ya binadamu. Iwapo ngoma ya sikio imetoboka, baadhi ya dawa zaweza kumwondolea usikivu kabisa.

Pima pua, usipime masikio

Je, tununue chombo cha namna gani? Kosa la wengi ni kudhani kwamba mbwa mwenye masikio makubwa anahitaji bakuli kubwa. Ukweli ni kinyume chake. Mdomo wa bakuli unapaswa kupitisha pua na taya pekee, ili masikio yabaki yakining'inia nje. Kwa Tomi, sentimita 12 hivi zilitosha. Wewe mpime wako.

Uingereza kuna bakuli maalumu zinazouzwa kwa jina la mbwa hawa wa spanieli, zenye kitako kipana na mdomo mwembamba. Ukitafakari, umbo hilo si geni kwetu, kwani ndilo la chungu cha maji cha nyanya zetu!

Kitako kiwe kipana na kizito kwa sababu mbwa hunywa kwa kuukunja ulimi kuelekea nyuma na kuyavuta maji juu kwa kasi. Chombo chepesi kitapinduka, na masikio yatalowa matope badala ya maji. Aidha, kijaze karibu na ukingo ili asilazimike kuusukuma uso ndani.

Chuma kisichoshika kutu ndicho bora, kwani husuguliwa kikatakata. Bakuli la udongo lililopakwa rangi ya kung'aa ni zito na zuri, mradi lisiwe na ufa na rangi yake iwe ni ile inayokubaliwa kwa vyombo vya chakula. Chungu kisichopakwa rangi huyapoza maji, lakini ni kigumu kusafisha. Mkebe wa plastiki ni rahisi kupatikana, ila hukwaruzwa na meno, na katika mikwaruzo hiyo uchafu hujificha.

Usipunguze maji kwa sababu mdomo wa chombo ni mdogo. Mbwa mwenye afya huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Mbwa wa kilo 13, kwa hivyo, hunywa karibu robo tatu za lita. Badilisha maji kila siku, na uoshe bakuli kwa sabuni. Ule utelezi unaousikia kwa kidole ndani ya chombo ni bakteria. Hatimaye, yakaushe masikio kwa kitambaa kila yanapolowa.

Shangazi hakuagiza chochote kutoka Uingereza. Alikwenda kwa fundi wa jua kali na sufuria ndogo ya chuma yenye mdomo mwembamba, akaomba iundiwe fremu pana ya vyuma ili isipinduke. Daktari aliacha dawa, na baada ya majuma kadhaa ile harufu ikatoweka.

Mnyororo sasa umetundikwa ghalani. Yule msichana aliyenusurika kung'atwa ndiye huosha sufuria ya Tomi kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Akimaliza, humpapasa kichwani, na Tomi hufumba macho akatulia tuli.