Mto Nairobi: Maji baridi yaliyogeuka majitaka

JE, msomaji, umewahi kuvuka daraja la mto pale Globe, ukaziba pua hadi ukafika ng’ambo? Wengi wetu hufanya hivyo kila asubuhi, tena tukikimbilia kazini, bila kukumbuka kwamba jiji lilipata jina lake kutokana na maji yayo hayo. Wamaasai waliokuwa wakinywesha mifugo yao hapa walipaita Enkare Nyirobi, yaani mahali pa maji baridi.

Ukitaka kujua maana ya jina hilo, wapeleke watoto Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Hapo ndipo chanzo cha mto. Ondiri si kinamasi cha kawaida. Juu ya maji pameota mkeka mnene wa nyasi na matete unaoelea, na mtu akiukanyaga ardhi hutikisika kama godoro. (Watoto na watazame kutoka kando, wasijaribu!) Kutoka hapo maji hushuka polepole kuelekea Dagoretti na Kawangware, yakapita Chiromo na kuingia katikati ya jiji.

Reli ilipofika mwaka 1899, maji hayo yalikuwa moja ya sababu za kuweka kituo kikubwa kwenye uwanda huu. Lakini uwanda wenyewe ulikuwa tope, na mji ukakua haraka kuliko mitaro yake. Mwaka 1902 ulizuka ugonjwa wa tauni, na soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ya wakuu wa mji. Kwa hivyo tatizo la uchafu Nairobi halikuanza jana.

Leo kila mtaa humpa mto zawadi yake. Grogan humpa oili chafu ya magari, Gikomba takataka za soko, na mitaa isiyo na mabomba ya majitaka humpa kila kitoka vyooni. Mashariki ya jiji kuna jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 lakini malori yakaendelea kumwaga taka humo. Ukingo wake mmoja ni mto.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1999 serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, zilianzisha mpango wa kuokoa mito ya jiji. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu mwaka 2008, aliushika mto kwa mkono wa chuma, na bustani iliyoko karibu na Globe ikapewa jina lake. Bustani hiyo ilikarabatiwa tena mwaka 2020. Miti inapendeza na viti vipo. Lakini maji yaliendelea kuja meusi kutoka juu, kwa maana ukingo ulisafishwa ilhali mabomba yalibaki yalivyokuwa.

Waingereza walilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames uliwashinda hata wabunge mjini London, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mitaro mikubwa ya majitaka. Hata hivyo, mwaka 1957 wataalamu walitangaza kuwa sehemu ya mto huo imekufa. Vituo vya kusafishia majitaka vilipoboreshwa ndipo samaki aina ya salmoni akaonekana tena, mwaka 1974. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Hapa kwetu, Machi 2025 Rais William Ruto alizindua huko Korogocho mradi wa takriban Sh50 bilioni wa kufufua kilomita 27 za mto. Ukubwa wa fedha hizo ni jambo la kutia moyo. Linalonitia wasiwasi mimi ni wale wanaoishi kandokando. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, waliokuwa ndani ya mita 30 za mto waliamriwa kuondoka, na nyumba zikabomolewa Mathare. Serikali iliahidi kila familia Sh10,000. Kwa kodi za Nairobi, fedha hizo hazimfikishi mtu mbali, na yamkini humrudisha kwenye ukingo wa mto mwingine.

Na mto wenyewe hauishii Ruai. Hukutana na Athi, ambao huteremka kupitia Ukambani ukiitwa jina hilo, kisha Galana, na mwishowe Sabaki, unaoingia Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Njiani wapo wakulima wanaomwagilia mboga, na lipo bwawa la Thwake, lililobuniwa kuwapa maji ya kunywa watu wa Makueni na Kitui. Mboga hizo nyingine hupakiwa malorini na kuletwa sokoni Nairobi.