Vyandarua Viwili vya Kaboni

Wanangu, leo usiku kabla hamjalala, kunjeni chandarua mara mbili mkitazame kwenye mwanga wa taa. Mtaona madoa makubwa yakitokea kama mawimbi, ingawa kitambaa chenyewe kina vitundu vidogo tu. Geuzeni upande mmoja kidogo, na mawimbi yatabadilika. Hadithi yangu imo humo.

Ndani ya penseli mna kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2004, mjini Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliyabandua matabaka hayo kwa selotepu, tena na tena, hadi wakabaki na moja lenye unene wa atomu moja. Linaitwa grafini, na atomu zake zimepangika kama sega la nyuki. Elektroni humo hukimbia kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa kawaida elektroni husukumana, kwani zote zina chaji hasi. Lakini kwa mbio hizo, nani ana muda wa kumjali jirani?

Mwaka 2011, huko Texas, Rafi Bistritzer na Allan MacDonald wakapiga hesabu. Laza grafini juu ya grafini, kisha uzungushe moja nyuzi 1.1 hivi, yaani pale mshale wa dakika unapofika kwa sekunde 11. Mawimbi ya chandarua yatatokea, nazo elektroni zitaanza kujikokota. Fikirieni nishati ya elektroni kama barabara: penye mteremko hukimbia, penye tambarare mwendo hufa. Katika pembe hiyo barabara yote huwa tambarare. Sasa elektroni hazina budi kusikilizana.

Mwaka 2018 Pablo Jarillo-Herrero, mwanafunzi wake Yuan Cao na wenzao wa chuo cha MIT, Marekani, walilijaribu jambo hilo katika baridi kali mno. Barabara hiyo tambarare ilipojazwa elektroni nusu, zilikwama kabisa, umeme haukupita. Walipobadilisha kidogo idadi ya elektroni, baridi ikizidi nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri, umeme ukapita bila ukinzani wowote. Kaboni ni ileile ya penseli! Hawakuongeza dawa wala madini, waligeuza pembe na idadi ya elektroni tu, na mimi sijaona ufundi mzuri kuliko huo.

Ni nini kinachozifunga pamoja elektroni zinazochukiana, hadi zisafiri mbilimbili bila kizuizi? Wanasayansi bado wanabishana.