Mgeni Kiwandani: Safari ya Eiji Toyoda ya Mwaka 1950

Mtu apelekwapo ng'ambo kutazama viwanda, aghalabu hurejea akiusifu ukubwa wa mashine alizoziona. Lakini ukubwa huo una sababu zake, na asiyezielewa huweza kununua mashine asipate faida yake. Safari ya mhandisi wa Kijapani, Eiji Toyoda, ni mfano mwema wa jambo hili.

Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa taabani. Madeni yalikuwa mengi, wafanyakazi waligoma, na mkuu wake, Kiichiro Toyoda, alijiuzulu. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Eiji, binamu yake, alikwenda Marekani kujifunza katika kiwanda cha Ford kilichoko kando ya mto Rouge, Dearborn. Humo mawe yenye madini ya chuma yaliingia kwa meli, yakayeyushwa, na magari kamili yakatoka upande wa pili.

Eiji hakukataa kuiga. Mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, aliouona Ford, ulianzishwa Toyota mwaka 1951. Lakini utengenezaji wa sehemu za gari ulikuwa na tatizo jingine. Mlango wa gari hupatikana kwa kushindilia bamba la chuma juu ya kalibu, na kila umbo lina kalibu yake. Siku zile kubadili kalibu hizo nzito kulichukua saa kadhaa. Penye soko kubwa, mashine moja iliweza kufanya umbo moja kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Soko la Japani lilikuwa dogo, nalo lilihitaji magari ya aina mbalimbali.

Hesabu ndogo hulidhihirisha jambo hili. Tuseme mashine hutoa mabamba 10 kwa dakika, na kubadili kalibu huchukua dakika 120. Ili muda wa kubadili usizidi sehemu moja ya kumi na moja ya muda wote, lazima yatengenezwe mabamba 12,000 mfululizo. Mengi ya hayo yatalala bohari, yakifunga fedha ambazo kampuni maskini haina. Lakini kubadili kukichukua dakika 10 tu, mabamba 1,000 yatatosha kwa kiwango kilekile. Muda ukipungua mara 12, akiba nayo hupungua mara 12.

Basi Wajapani walielekeza juhudi zao katika muda huo. Mtaalamu Shigeo Shingo alieleza kanuni yake: kazi zinazoweza kufanywa mashine ikiwa bado inakwenda, kama vile kusogeza kalibu ijayo na kupanga vifaa, zitengwe na zile zinazolazimu mashine isimame. Kufikia miaka ya 1970, saa zilikuwa zimegeuka dakika chache.

Mhandisi mwingine wa Toyota, Taiichi Ohno, alizuru Marekani mwaka 1956. Pamoja na viwanda, alivutiwa na maduka makubwa ambamo mnunuzi hujichukulia bidhaa mwenyewe, na rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichoondoka. Kanuni hiyo alikuwa amekwisha ijaribu tangu mwaka 1953 katika karakana yake: kila idara ichukue kwa idara iliyotangulia kile tu inachokihitaji.

Njia hii nayo ina masharti yake. Mwezi wa Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichokuwa kikiiletea Toyota vali za breki. Kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo sana, viwanda vya Toyota nchini Japani vilisimama kwa siku kadhaa. Penye barabara mbovu au umeme usioaminika, akiba bohari si upotevu mtupu. Huenda ndiyo inayokiokoa kiwanda.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kiwandani, hata kama ni kiwanda cha sabuni cha mjini kwao, anaweza kuwapa saa na daftari. Wapime mashine husimama kwa muda gani kazi inapobadilishwa, na bidhaa husubiri kwa muda gani kati ya hatua moja na nyingine. Kisha waulize sababu.